Mawindo ya Mabwana katika Picha za Stradanus

Wengi watazamapo picha za mawindo zilizochapwa Ulaya katika karne ya 16 husifu mbio za farasi na ukali wa mbwa, kisha hufunga kitabu. Sifa hiyo haitoshi. Yatupasa kuuliza picha hizo zilikuwa za nani, na zilifika kwa nani.

Jan van der Straet, ajulikanaye zaidi kwa jina la Stradanus, alizaliwa Bruges mwaka 1523, na kazi yake kubwa aliifanya Florence, katika utumishi wa Cosimo I wa ukoo wa Medici. Mawindo aliyomchorea bwana huyo yalifumwa katika mapazia ya kutundikwa ukutani, kwenye kasri la Poggio a Caiano. Pazia lilikuwa mali ya mtu mmoja, na aliyelitazama alikuwa mgeni wake. Lakini tangu mwaka 1578 Philips Galle wa Antwerp alitoa michoro ya mawindo ya Stradanus kwa mabamba ya shaba, hata zikatimia picha 104, zenye beti za Kilatini chini yake. Hapo mawindo yalitoka kasrini yakaingia nyumbani kwa mwanasheria na mfanyabiashara, ambao wengi wao hawakuwa na haki ya kumpiga kulungu hata mmoja.

Haki hiyo haikuwa jambo dogo. Huko Ujerumani, mwaka 1525, wakulima walioasi waliandika vifungu 12; cha nne kililalamika kwamba maskini amekatazwa kuwinda, ilhali wanyama wa mabwana wanakula mazao yake, naye hana budi kunyamaza.

Stradanus, tumpe haki yake, hakumficha mtu wa miguu. Yumo: hutega nyavu, hushika mbwa, husimama na mkuki mbele ya nguruwe mwitu. Lakini yumo kama mkono wa bwana tu; malalamiko yake hayamo.

Aghalabu husifiwa zile picha za tembo na simba. Mimi naziona dhaifu kuliko zote. Mengi humo yametoka katika vitabu vya kale, kama kile cha Plinio, wala si katika macho ya mchoraji. Tembo wake ana ukubwa bali hana uzito. Nguruwe wake, mnyama wa misitu ya Toscana, anatisha kweli.