KUSUDI NA MATESO KATIKA KISA CHA YUSUFU

Kisa cha Yusufu mwana wa Yakobo ni miongoni mwa visa vichache ambavyo msomaji wa Kiswahili amevipokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni Kurani, sura ya 12, pamoja na tungo za Waswahili wa pwani zilizochota humo. Njia ya pili ni kitabu cha Mwanzo, sura ya 37 hadi ya 50, ambacho wasomaji wengi wa bara wamekijua kwa tafsiri ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, Merigi ikiwemo, njia hii ya pili ndiyo iliyotawala. Huko kisa husomwa kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili pia, na usomaji uliozoeleka hukifupisha kwa methali moja: baada ya dhiki, faraja. Kijana aliuzwa, akafungwa, akatawala. Basi anayeteswa naye avumilie, kwa kuwa Mungu ana kusudi lake.

Makala haya yanadai kwamba ufupisho huo unakwenda kinyume cha maandishi yenyewe. Kisa cha Yusufu kinakubali kuwa mateso yanaweza kupata maana, lakini kinaweka masharti makali juu ya nani aitamke maana hiyo, lini, na mbele ya nani. Masharti hayo yamo katika fani ya kisa, na mhakiki anayetazama maudhui peke yake hawezi kuyaona.

Sauti ya mteswa

Jambo la kwanza la kifani ni jinsi msimulizi anavyotawala sauti ya mhusika wake mkuu. Yusufu ana umri wa miaka 17 kisa kinapoanza, naye ni kijana msemaji mno: anaota, na anawasimulia ndugu zake ndoto zake bila kujali zitakavyowachoma. Lakini anapovuliwa kanzu yake na kutupwa shimoni, msimulizi hampi hata neno moja. Ndugu wanaketi kula, msafara unapita, bei inatajwa, vipande 20 vya fedha. Ni katika sura ya 42 tu, miaka mingi baadaye, ndugu wenyewe wanapokiri kwamba kijana yule aliwasihi nao wakakataa kusikia. Kilio kilikuwapo tangu mwanzo. Msimulizi alikizuia ili msomaji akisikie kwa mara ya kwanza kutoka vinywani mwa waliokipuuza.

Gerezani Yusufu anapewa sauti, na anachosema ni malalamiko. Anamwambia mnyweshaji wa Farao kwamba aliibwa kutoka nchi yake, kwamba hakutenda neno la kumpasa kifungo, na anamwomba amkumbuke. Mnyweshaji anasahau, na miaka miwili mizima inapita. Mhakiki anayedai kwamba Yusufu ni mfano wa mvumilivu asiyenung'unika hana budi kuiruka sehemu hii. Imani ya Yusufu haipimwi kwa kunyamaza kwake. Mtu huyu anamtaja Mungu na anadai haki yake katika mazungumzo yale yale.

Zaidi ya hayo, katika kitabu chote cha Mwanzo Mungu hasemi na Yusufu moja kwa moja kama alivyosema na Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Msimulizi humwarifu msomaji, hasa katika sura ya 39, kwamba Bwana alikuwa pamoja na kijana. Lakini hakuna mahali panapoonyesha Yusufu akiarifiwa vivyo hivyo. Msomaji anajua asilolijua mteswa. Pengo hili ndilo linalokipa kisa uzito wake, kwani Yusufu hana budi kuijenga imani yake bila ufafanuzi.

Mapokeo ya pwani

Mapokeo ya Kurani yanachukua njia nyingine katika jambo hili, na ulinganisho una faida. Humo Yusufu anapotiwa kisimani hupewa ufunuo kwamba siku moja atawaambia ndugu zake juu ya tendo lao. Maana inaahidiwa papo hapo, gizani. Yakubu naye anapoletewa habari za uongo hushika subira njema, na baadaye macho yake hupofuka kwa huzuni. Subira na kilio havipingani. Utendi wa Yusufu, uliohifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu na kuchunguzwa kwa kina na Annachiara Raia katika kitabu chake cha mwaka 2020, unatokana na mapokeo haya. Bahari ya utendi, yenye beti za vipande vinne na kina kimoja kinachotunzwa mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati, inafaa sana kusimulia ulimwengu ambamo mwisho umekwisha kujulikana.

Hata hivyo, mapokeo hayo hayo yana tukio ambalo Mwanzo hauna. Mfalme anapomwita Yusufu atoke gerezani, yeye hukataa kutoka mpaka kesi ya wanawake waliomsingizia ichunguzwe na usafi wake uthibitike. Kwa hiyo hata pale ambapo mteswa amekwisha kuahidiwa kusudi, ahadi haichukui nafasi ya haki. Mapokeo mawili yanatofautiana juu ya wakati wa kupewa maana, lakini yanakutana katika jambo moja: hakuna linalomtaka Yusufu aache kudai ukweli wa mambo yake.

Neno lenyewe

Katika Mwanzo, tafsiri ya mateso huja hatua kwa hatua, na kila hatua hutolewa na mteswa mwenyewe. Hatua ya kwanza ni majina ya watoto. Manase ni jina la kusahau taabu. Efraimu ni jina la kuzaa matunda katika nchi ya mateso. Yusufu amekwisha kuwa mkuu, akiwa ameingia mbele ya Farao na umri wa miaka 30, lakini bado anaiita Misri nchi ya mateso. Hatua ya pili ni sura ya 45, anapojitambulisha kwa ndugu zake. Nayo haiji mpaka Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumwuza, ajitoe awe mtumwa badala ya Benyamini. Hatua ya tatu ni sura ya 50, baada ya kifo cha Yakobo, ndugu wanapoogopa kisasi.

Hapo ndipo watafsiri walipochagua kitenzi kusudia, na wakakitumia mara mbili katika aya moja: mara moja kwa uovu wa ndugu, mara nyingine kwa wema wa Mungu. Kiebrania nacho kina kitenzi kimoja mahali pote pawili, hivyo uteuzi huo ni mwaminifu. Lakini Kiswahili kinaongeza kitu. Katika matumizi ya kila siku, kusema kwamba mtu amefanya jambo makusudi ni kumlaumu. Neno hilo humnyima mkosaji kisingizio cha bahati mbaya. Msomaji wa Kiswahili anapolikuta katika kinywa cha Yusufu, basi, husikia shtaka kabla ya kusikia faraja. Ndugu walikusudia. Wema wa Mungu hauufuti ukweli huo, wala haugeuzi dhambi yao kuwa huduma.

Ni muhimu pia kuona neno hilo limesemwa kwa nani. Yusufu hawaambii wafungwa wenzake wala wenye njaa. Anawaambia waliomkosea, wakiwa wamemwangukia, ili kuwaondolea hofu. Ni neno la mwenye uwezo wa kulipiza kisasi anayeamua kutolipiza. Likitolewa katika kinywa chake na kuwekwa katika kinywa cha mwingine, hasa cha yule aliyefaidika na mauzo yale, huwa neno jingine kabisa.

Sura ya 47 na nchi ya chai

Kipimo kikali cha hoja hii ni sura ya 47, ambayo usomaji uliozoeleka huiacha kando. Njaa inapozidi, Wamisri wanamletea Yusufu fedha zao, kisha mifugo yao, kisha ardhi yao na miili yao. Ardhi yote, isipokuwa ya makuhani, inakuwa mali ya Farao, na wakulima wanabaki kuilima kwa kutoa sehemu ya tano ya mavuno. Juu ya kilichowapata watu wenyewe, maandishi ya Kiebrania yanasema walihamishiwa mijini. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inasema walifanywa watumwa. Wamisri wanashukuru kwa kuokolewa maisha yao. Msimulizi hasifu wala halaumu. Lakini mwanzoni mwa kitabu cha Kutoka anainuka mfalme asiyemjua Yusufu, na jamaa za Yusufu ndio wanaotumikishwa.

Msomaji wa Merigi ana sababu ya kuisoma sura hii polepole. Chini ya utawala wa Waingereza, Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 ilithibitisha mamlaka ya Taji juu ya ardhi ya wenyeji, na kuanzia miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalienea katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa mambo ya kiroho, nao wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Madai ya Wakipsigis na Watalai hayakuzimika: mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu yake, na mwaka 2022 malalamiko yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Katika mazingira ya namna hiyo, mahubiri yanayomwambia aliyehamishwa kwamba yalikuwa makusudi ya Mungu yanamweka msemaji mahali ambapo kisa hakikumweka mtu yeyote. Sura ya 47 inaonyesha kwamba hata Yusufu, aliyejua utumwa kwa mwili wake, aliweza kusimamia mpango uliowageuza wengine watumwa huku ukiwaokoa na kifo. Aliyepata maana katika mateso yake mwenyewe hakupata kwa hilo ujuzi wa maana ya mateso ya wengine. Wamisri wa sura hiyo hawana majina, wala msimulizi hawapi nafasi ya kusema, baada ya miaka, nini kilikusudiwa juu yao na nani.

Hitimisho

Thamani ya kisa cha Yusufu kama hadithi ya imani haipungui kwa uchambuzi huu. Imani inayojitokeza humo ni ya mtu aliyelalamika, akasahauliwa, akalia mara nyingi hata baada ya kupata cheo, na mwishowe akaitaja dhambi ya ndugu zake kwa jina lake kabla ya kuwasamehe. Kusudi alilolipata hakulipokea kwa wahubiri. Walimu wa fasihi wanaokifundisha kisa hiki pamoja na tendi za pwani wangefanya vyema kumwuliza mwanafunzi, kila neno kusudi linapotokea, ni nani anayesema na ni nani aliyenyamazishwa. Swali hilo ni la fani, nalo linafaa darasani. Lakini katika nchi ambayo mashauri yake ya ardhi yamefikishwa mahakamani huko Ulaya, haliwezi kubaki darasani.