Ng'ombe Mmoja, Kurasa Nne

Katika majarida ya tiba ya mifugo, ripoti ya kisa kimoja hukaa nyuma. Mbele huketi tafiti zenye mamia ya wanyama, majedwali na hesabu nzito. Huku mwishoni, msomaji akiwa amekwisha kuchoka, ndipo utamkuta ng'ombe mmoja aliyeugua mahali pamoja akaangaliwa na daktari mmoja. Kurasa nne; zikizidi sana, tano. Wapo wasomi wanaoiona kazi hiyo kuwa ya wanafunzi. Mimi naipenda kuliko tafiti zote za mbele, kwa sababu humlazimu mwandishi kutenga, sentensi baada ya sentensi, mambo matatu ambayo sisi wengine huyachanganya kutwa: niliyoyaona, niliyoambiwa, ninayodhani.

Tuseme ni mtamba wa Friesian, umri miaka miwili, katika boma la mama mmoja nje ya mji wa Bungoma. Anazunguka. Anazunguka upande wa kushoto, kichwa kimeinama, na kila akifika ukutani anagonga, anasimama, anaanza tena. Daktari amefika kwa pikipiki. Joto la mwili ni nyuzi 40.8. Tezi la mbele ya bega limevimba. Akipunga mkono karibu na jicho la kushoto, mtamba hapepesi.

Mfugaji yeyote wa huku akisikia matezi na homa atakwambia ni ndigana, na mara nyingi atakuwa sahihi. Ndigana kali huletwa na kupe wa sikio, na ipo namna yake ambapo chembe nyeupe zilizojaa vijidudu huziba mishipa midogo ya ubongo. Ndipo mnyama huzunguka. Lakini ng'ombe anayezunguka huenda ana kichaa cha mbwa. Huenda ana maji moyo, ambayo nayo hutokana na kupe, wa aina nyingine. Huenda alilamba betri kuukuu ya gari iliyotupwa nyuma ya jiko, na risasi iliyomo ikamwingia. Ripoti nzuri huwaita washukiwa wote hawa kwa majina, kisha inaeleza kila mmoja aliondolewa kwa kipimo gani, na nani hakuweza kuondolewa. Hapo pa mwisho ndipo ninapompima mwandishi. Anayesema kwamba mshukiwa mmoja hakupimwa kwa sababu sampuli iliharibika njiani, huyo nitamwamini na kwa mengine.

Sehemu ngumu kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayoonekana nyepesi: historia ya mnyama. Katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia, yakiwemo yale ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, nje ya Kitale, kuna madaftari. Tarehe ya kuzaliwa imo, ya kuogeshwa imo, dawa na kipimo vimo. Kazi ya mwandishi ni kunakili. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili Bungoma, daftari ni kichwa chake mwenyewe, na kalenda yake haiendi kwa tarehe.

"Mama, alianza lini kuzunguka?"

"Kuzunguka ni jana, daktari. Lakini tangu siku ya soko Chwele hajamaliza nepia yake."

"Na dawa ya kupe, mlimpulizia lini mara ya mwisho?"

"Kabla mvua haijaanza. Pampu iliharibika, na baba yao alikuwa amesafiri."

Humo mna ripoti nzima. Siku ya soko inampa daktari mwanzo wa ugonjwa, siku kadhaa kabla ya dalili iliyomfanya aitwe. Mvua inampa majira ya kupe kuongezeka. Pampu inampa wiki ambazo mnyama hakuwa na kinga. Ila mama hakusema lolote kati ya hayo kwa mpangilio huo, na kazi ya mwandishi ni kuyageuza yawe siku zinazohesabika bila kumtilia maneno mdomoni. Wengi hapa hulegea. Wanaandika "mnyama alikuwa mgonjwa kwa siku chache", na kwa maneno hayo machache wanatupa kitu pekee ambacho maabara yoyote duniani haiwezi kukirudisha.

Liko pia swali linalowatia waandishi haya: nani alimtibu kabla yangu? Vijijini kila afikaye na mkoba huitwa daktari, awe na shahada, awe na cheti, awe mpandishaji wa mbegu au kijana wa dukani kwenye agroveti. Mmoja wao amekwisha kumdunga mtamba sindano ya oksitetrasaiklini, nayo inaweza kubadilisha kila kitakachoonekana baadaye. Kipimo? Mama alimwona akivuta dawa kwenye chupa, basi. Ripoti iandike hivyo hivyo: alidungwa kabla hatujafika, kipimo hakijulikani. Sentensi hiyo haipendezi, na wahakiki wataikodolea macho. Lakini bila hiyo msomaji wa Kampala au Mwanza atashangaa kwa nini damu ya mtamba huyu haikufanana na ya wake.

Mtamba akifa, kazi huwa ya mikono. Glavu kwanza, maana kichaa cha mbwa hakijaondolewa kwenye orodha. Ubongo hugawanywa: sehemu hutiwa kwenye formalini, na dawa iwe mara kumi ya nyama, vipande vikatwe vyembamba isizidi sentimita moja, la sivyo katikati huoza huku nje kukionekana kuzuri. Sehemu nyingine hupelekwa mbichi kwenye barafu. Kioo cha damu na cha maji ya tezi hukaushwa hewani na kufungwa pekee, mbali na mvuke wa formalini unaoharibu rangi. Kisha matatu haya yapande gari, kupitia Webuye na Turbo hadi maabara ya Eldoret, au yaende mbali zaidi, Kabete. Ninayataja haya kwa sababu katika ripoti iliyochapishwa yatakuwa mstari mmoja na nusu, na hakuna msomaji atakayejua kwamba barafu ilinunuliwa kwa muuza samaki.

Kwa nini basi kujisumbua hivi kwa ng'ombe mmoja ambaye tayari amekufa?

Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897. Akatazama damu ya ng'ombe kwa darubini, akaona ndani ya chembe nyekundu vijidudu vidogo sana vyenye umbo la vijiti. Akadhani ni kijidudu cha mkojo mwekundu kikiwa bado kichanga. Alikosea, na ilichukua miaka kadhaa hadi Arnold Theiler, kule Afrika Kusini, kuonyesha kwamba ni kiumbe kingine kabisa, na ndiye ambaye jina lake sasa limo katika jina la kisayansi la kijidudu cha ndigana. Dhana ya Koch haina kazi leo. Lakini alichokiona kilikuwepo kweli, na kwa kuwa alikieleza kando na alichokidhani, waliokuja baadaye waliweza kuchukua kimoja na kuacha kingine.

Au mchukue Montgomery, daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni hapa Kenya. Mwaka 1921 alichapisha maelezo ya homa ya nguruwe ambayo haikufanana na ile ya Ulaya. Katika milipuko aliyoikusanya, nguruwe 1,366 waliugua, wakafa 1,352. Mtu mwingine angeandika "karibu wote", nasi tungekubali. Yeye aliwahesabu na wale 14 waliobaki. Homa hiyo hiyo ilifika Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na madaktari waliokuwa wakizika nguruwe kwa matingatinga wakaanza masomo yao kwa makala ya mtu wa Kabete aliyeandika kabla ya babu zao kuzaliwa.

Kisa kilicho karibu zaidi na kwetu hakikuwa cha ng'ombe. Mapema mwaka 1980 mhandisi mmoja Mfaransa, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia hapa Bungoma, alipelekwa Nairobi akitokwa damu, akafa. Daktari aliyemhudumia aliugua naye, akapona. Vilikuwa virusi vya Marburg. Taarifa yake ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1982, wagonjwa wawili tu. Watu walikuwa wameuliza marehemu alikuwa wapi kabla ya kuugua, na jibu likahifadhiwa: miongoni mwa mahali alikozuru ni pango la Kitum, Mlima Elgon, upande wa juu wa Kitale, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Mwaka 1987 mvulana mmoja kutoka Denmark akafa kwa ugonjwa huo huo. Naye alikuwa amezuru Kitum. Matembezi ya siku moja ambayo kwa mgonjwa wa kwanza yangeweza kuachwa kama mambo ya starehe, kwa wa pili yakawa njia. Popo wa pango lile walinaswa na kupimwa mwaka 2007, na mmoja wao akakutwa na virusi hivyo.

Nikisoma ripoti mpya naruka kwanza hadi kwenye mjadala kutafuta sentensi moja: "Kwa kadiri ya ufahamu wetu, hiki ni kisa cha kwanza." Wanaoitumia ni wengi kuliko wanaostahili. Kwanza kuandikwa si kwanza kutokea. Uliza wazee waliotibu mifugo Kitale enzi za majosho ya serikali. Ugonjwa uliouona mwaka huu walikwisha kuuona, wakautibu, wakaenda zao, na ujuzi wao wakastaafu nao. Ni uzembe huo wa kutoandika unaompa mwandishi wa leo ukwanza wake, kwa hiyo autumie kwa staha.

Kisha huja majarida yenyewe. Yapo ya mbali yanayodai dola nyingi, na yapo ya ulaghai yanayokubali kila kitu kwa siku mbili bila mtu kusoma neno. Chama cha madaktari wa mifugo nchini kina jarida lake, The Kenya Veterinarian, na ningependa visa vya Bungoma vianzie huko, mahali ambapo daktari wa Webuye anaweza kuvikuta. Ningependa pia ukurasa mmoja wa Kiswahili umrudie mwenye mnyama. Alitoa ruhusa, alitoa mtamba, jina lake limefichwa kama inavyopasa. Si haki habari imfikie kila mtu isipokuwa yeye.

Mhakiki mzuri atarudisha maswali. Mengi yatakuwa ya vitone na vipimo, nayo hujibiwa mezani. Moja litamlazimu mwandishi kupiga simu: je, kulikuwa na mnyama mwingine aliyeonyesha dalili kama hizo katika boma hilo au la jirani? Miezi imepita. Mama anapokea, wanajuliana hali, anauliza kama pikipiki ilitengenezwa. Daktari anamsomea swali.

"Si nilikwambia siku ile ya ndama wa shemeji?" anasema mama. "Uliitikia, daktari. Lakini kalamu ulikuwa umeshaitia mfukoni."