Siki na Mkono Unaopima

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeikariri methali hii toka utotoni, tukadhani maji ndiyo mkosaji. Lakini itazame siki ya tembo, ile inayokoleza achari na kachumbari za pwani: zaidi ya sehemu 90 katika 100 ni maji. Asidi ya asetiki, inayouchoma ulimi, ni kama sehemu 5 tu. Ingekuwa peke yake, ingeunguza koo.

Siki hupita mikono mingi. Mgema hukata ncha ya karara la mnazi na kutundika kibuyu kukinga maji yake matamu. Hamira iliyomo hewani na kibuyuni huigeuza sukari kuwa kileo, povu likapanda. Tembo likishakuwa kali, fundi wa siki hulimimina katika mtungi wa mdomo mpana na kuufunika kwa kitambaa chepesi: nzi wasiingie, hewa ipite. Bakteria wapendao oksijeni hukigeuza kileo kuwa asidi, wakitandaza utando laini juu. Mtungi ukizibwa kabisa, kazi husimama. Louis Pasteur alieleza kazi ya viumbe hao huko Ufaransa katika miaka ya 1860, ilhali mafundi walikwisha kuwalea bila kuwaona.

Shuleni tulijifunza kupanga michanganyiko. Maji ya tope yakiachwa, tope hushuka chini. Tui la nazi ni matone ya mafuta yaliyotapakaa majini, ndiyo maana ni jeupe na nuru hailipenyi. Siki iliyochujwa ni myeyusho: tone la juu na la chini ni sawa. Asidi iliyomo ni kampaundi, na kampaundi ina hesabu isiyobadilika: kaboni mbili, haidrojeni nne, oksijeni mbili, iwe Pemba au Paris. Mchanganyiko hauna sharti hilo. Maji yaweza kuzidi, asidi ikapungua, nasi tukaendelea kuuita siki, mpaka siku achari itakapoota ukungu.

Hapo ndipo ninapoiona heshima ya ufundi huu. Kipimo cha asidi kimewekwa na maumbile. Kipimo cha siki kimeachiwa binadamu. Kosa la mgema wa methali si maji, ni kukivunja kipimo ambacho hakina mlinzi mwingine ila yeye. Fundi anayekilinda hata asipotazamwa anastahili sifa, na siki yake inastahili bei yake.