Sifa za Mwashi wa Chokaa

Watembeza wageni wa Fort Jesus husifu mizinga, kisha humtaja Giovanni Battista Cairati, Mtaliani aliyewachorea Wareno ngome ile mwaka 1593. Aliyeshika mwiko hatajwi. Nilivuka feri kutoka Likoni na mzee wa Mtongwe, mwashi wa zamani, na yeye mizinga hata hakuigeukia. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

Alipapasa mawe ya matumbawe kwa kiganja, akabisha kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ukuta ukaitika mlio mzito. “Mzima huyu,” akasema. Baadaye, katika nyumba moja ya Mji wa Kale iliyotiwa viraka vya saruji, alibisha vilevile. Mlio ukatoka mtupu. Chokaa huacha unyevu wa bahari uingie na utoke, alinieleza. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikakaa ikilila jiwe taratibu.

Ujanani mwake walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu, wakachoma. Chokaa ilizimwa kwa maji, ikafunikwa, ikaachwa. “Ya miezi mitatu bado mtoto,” alisema. Kisha kutomea: vijiwe vidogo vikisukumwa kimoja kimoja katika kila upenyo kabla ya kupaka. Kazi hiyo hufichwa na chokaa ya juu, haionwi na mtu. Hata hivyo asiyetomea vizuri, mzee alisema, alikuwa haitwi tena msingini.

Ngome imebadili mabwana mara nyingi. Sultani Yusuf bin Hassan aliwapokonya Wareno mwaka 1631. Waomani waliizingira tangu Machi 1696, wakaingia Desemba 1698. Waingereza wakaifanya jela mwaka 1895. Kila aliyeingia alizikuta kuta, na kila aliyetoka aliziacha.

Tangu 1954 kiwanda cha Bamburi huchoma mawe hayohayo ya matumbawe kuwa saruji. Jiwe ni lilelile. Kilichopungua ni subira. Likoni nyumba huota kwa wiki chache, na nyufa zake hutangulia wapangaji.

UNESCO iliziandika kuta za ngome katika urithi wa dunia mwaka 2011. Mikono inayojua kuziuguza haikuorodheshwa. Wana wa mzee wangu wanajenga kwa matofali ya saruji, kwa kuwa ndiyo yenye wateja. Naye, kwa umri wake wote na ujuzi wake wote, hana mwanagenzi hata mmoja.