Mistari yote 0,25: kwa nini plani za memuari zetu hazisomeki



Ukitaka kujua kama plani ni nzuri, usiiangalie kwenye ekra na rangi zake. Itoe kwa wino mweusi, ipeleke sekretaria publiki wakufanyie fotokopi ya A4, halafu umpatie mtu ambaye hakuichora. Hapo ndipo ukweli unatokea. Nimepitia plani nyingi za memuari na za raporti za miradi, na hukumu yangu ni hii: hesabu mara nyingi ni nzuri, lakini mchoro ni bubu. Mpaka wa shamba, njia, mfereji, kurba ya nivo, kipimo, vyote vina unene mmoja. Ni sawa vile mtu anasoma barua kwa sauti moja bila kupumua. Maneno yote iko, lakini hujui lipi ndilo la maana.

Kuhusu jambo hili kanuni iko, na si ngumu. Norme ISO 128 inatupa unene wa mistari kwa milimita: 0,13, 0,18, 0,25, 0,35, 0,5, 0,7, 1 na kuendelea. Kila namba ni ile iliyotangulia mara 1,4 hivi, yaani mzizi wa mbili. Haikuchaguliwa ovyo. Karatasi za A zinafuata uwiano huohuo: ukipunguza A3 kwenda A4, mchoro unabaki asilimia 71. Mstari wa 0,35 unakuwa 0,25, na wa 0,25 unakuwa 0,18. Yote inashuka ngazi moja, na tofauti kati yao haipotei. Kwa michoro ya ujenzi, norme inaomba unene wa aina tatu tu, kwa uwiano wa 1, 2 na 4. Kwa plani ya shamba mimi ningechukua 0,18 kwa kurba za nivo na vipimo, 0,35 kwa njia na mifereji midogo, 0,7 kwa mfereji mkubwa na mpaka. Kila kurba ya tano ipewe 0,25 ili jicho lipate pa kushikilia. Ni hivyo tu.

Sasa mambo inaharibikia wapi? Wengi wetu tumejifunza AutoCAD. Ndani yake, mstari ambao hukuupa unene unabeba 0,25 wenyewe. Kwenye ekra hauoni kitu, juu kitufe cha kuonyesha unene kwa kawaida kimezimwa. Basi mtu anatenganisha vitu kwa rangi: mpaka mwekundu, mfereji wa bluu, kurba za kahawia. Inapendeza! Siku ya kuchapisha anachagua monochrome.ctb, kwa sababu mwenzake alimwambia achague hiyo. Ile fishie inafanya kazi yake kwa uaminifu: inageuza kila rangi kuwa nyeusi, na unene inauacha vile mchoraji aliupanga. Mchoraji hakupanga kitu. Rangi zimekufa, unene haukuzaliwa, na mistari yote inatoka myeusi ya 0,25.

Kuchanganya rangi na unene ni urithi wa zamani. Mashini za kwanza za kuchapisha plani zilikuwa zinashika kalamu za kweli, kila moja na ncha yake. Rangi ya mstari kwenye ordinatere ilikuwa njia ya kuiambia mashini: chukua kalamu namba fulani. AutoCAD 2000 ilileta unene kama sifa ya mstari na ya kalke, lakini desturi ya kupanga unene kwa rangi ikabaki, ndani ya jedwali la rangi 255, ile CTB. Leo njia mbili zinaishi katika nyumba moja. Unaweza kupanga unene kwenye kalke, au kuupanga kwa rangi ndani ya CTB. Zote mbili ni halali. Kinachoua plani ni kushika nusu ya moja na nusu ya nyingine.

Hapo nakosoa mafundisho kuliko mwanafunzi. Kozi nyingi za kuchora zinafundisha kuchora tu: mstari, duara, kukata, kunakili. Kuchapisha kunabaki dakika kumi za mwisho, wakati moto umekatika au mwalimu ameshaangalia saa. Hakuna anayesema kwamba CTB ni fishie ya pembeni, haikai ndani ya mchoro. Ukibeba DWG peke yake kwenye kle, mashini ya sekretaria itatumia mipango yake. Dawa ni kutoa PDF nyumbani na kubeba hiyo.

Walio kwenye QGIS wasicheke. Pale mstari unaanza na 0,26 mm, na ugonjwa ni uleule. Lakini QGIS inakuacha uchague kama unene ni milimita za karatasi au mita za ardhini, na hilo linatudai sisi kufikiri. Mstari wa 0,5 mm kwenye eskala 1/2 000 unafunika mita 1 ya udongo. Kwenye 1/10 000 unafunika mita 5. Mfereji wako una sentimita 60. Kwa hiyo unene wa milimita si kipimo cha mfereji, ni alama ya ukubwa wake kati ya wenzake. Upana uandike kwa namba. Na usimpe mstari unene wa 0 ukidhani umekuwa wa kistaarabu: kwenye AutoCAD, sifuri maana yake ni mstari mwembamba kuliko yote ambao mashini inaweza kutoa. Mashini ikiwa nzuri sana, ndipo mstari wako unapotea zaidi.

Mtu atauliza kama hayo yote yana faida. Nitaeleza jambo nililoliona bondeni, huku Kivu, kwenye mradi mmoja wa kukausha maji. Plani ilichorwa A1, ikatolewa PDF, mwishowe kapita alikuwa na fotokopi ya A4 mkononi. Mfereji wa kuzunguka, ule wa kukamata maji ya mlima, ulipita karibu sambamba na kurba moja ya nivo. Unene mmoja, weusi mmoja, na maandishi yamekuwa madogo kama mbegu za lengalenga. Walimaji walifuata kurba. Kwa siku tatu walichimba mfereji chini ya mahali pake, na maji ya mlima yakabaki na njia wazi ya kuingia kwenye vitalu. Watu wale walikuwa wanalipwa kwa mita. Mita zilizochimbwa pabaya hazikuhesabiwa. Kapita alijitetea kwa neno moja tu: «Mistari yote iko sawa, mimi nitajua namna gani?» Hakuna aliyemjibu. Lakini aliyelaumiwa ni yeye, si aliyetoa plani.

Najua majibu yetu. La kwanza: «Sisi hatuko ba-arshitekte.» Ndiyo, lakini mlimaji anachimba kwa kufuata karatasi yetu, si ya arshitekte. La pili: «Rangi inatosha.» Rangi ni nzuri kwa wenye pesa ya kuchapisha rangi kila nakala. Shambani inafika fotokopi, na fotokopi haijui bluu. La tatu lina uzito zaidi: juri haiangalii plani. Ni kweli. Lektere wanahesabu virgule kwenye biblografia, halafu wanafungua aneksi kama mtu anayefunga duka. Hapo si kosa la mwanafunzi peke yake. Kitu kisichopewa alama hakifanyiwi kazi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa shirika letu ni moja, na halihitaji bajeti. Kabla ya kuweka memuari, kila mmoja atoe plani yake A4, nyeusi tupu, na ampatie mwenzake wa fakilte nyingine. Amuulize maswali matatu: mpaka uko wapi, maji yanapita wapi, mlima uko upande gani? Mwenzake akijibu bila kusoma lejendi, plani imepita. Akianza kugeuzageuza karatasi, rudi kwenye kalke zako, uandike 0,18, 0,35 na 0,7. Ni kazi ya robo saa. Yule mlimaji wa bondeni alipoteza siku tatu.