Nani Ameshika Mashine? Uhakiki wa Kunyolewa kwa Kuruta

Katika semina yetu ya fasihi simulizi tulipewa methali "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji", kila mmoja aitafutie mfano katika maisha ya siku hizi. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Rumonge kama mimi, alitoa mfano wa kuruta. Alisema kijana anayeomba kuingia jeshini, akiwaona waliomtangulia wana vipara, ajue zamu yake inakuja. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike: kwamba kunyolewa huko ni kuzuri, kwa sababu mashine ya jeshi haiulizi baba yako ni nani. Mtoto wa mvuvi wa Minago, mtoto wa mwenye mashamba ya michikichi na mtoto wa mkubwa fulani wa Bujumbura, wakiinuka kwenye kiti kile, ni kitu kimoja. Darasa lilimpigia makofi. Mwalimu akaandika ubaoni neno "usawa", akalipigia mstari, tukaendelea na methali nyingine.

Mimi naona tuliipita mapema mno. Hoja ya usawa ni nzito, hasa hapa Burundi, na nitaifikia. Lakini kwanza tuisome methali yenyewe, maana inajua mengi kuliko tuliyoipa nafasi ya kuyasema.

Neno la kutazama ni "ananyolewa". Ni kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Kiswahili kingeweza kumtaja bila shida yoyote: ananyolewa na fulani. Methali imemwacha nje, na kwa hiyo kunyolewa kunafanana na mvua au usiku, kitu kinachofika chenyewe. Vitabu vya shule hutueleza kwamba maana yake ni kujifunza kutokana na yaliyompata mwenzako, na sina ugomvi na maana hiyo. Ila tazama ushauri unaotolewa. Methali haisemi kimbia, haisemi uliza kosa lake, haisemi mshike kinyozi mkono. Inasema lainisha nywele zako. Ni ushauri wa mtu asiye na mamlaka juu ya wembe, na anayejua kwamba hana. Kwamba maji hapa ni nafuu ya maumivu, tunathibitishiwa na usemi wetu mwingine: mtu aliyeshindwa vibaya, au aliyeadhibiwa pasipo huruma, husemwa amenyolewa bila maji.

Sasa, methali hii ilitungwa na watu wa wembe. Kinyozi ninayekwenda kwake, karibu na soko la Rumonge, anatumia mashine ya umeme, na mteja akija na kichwa kibichi kutoka ziwani humwambia akae juani kwanza akauke, kwa sababu nywele zenye maji hushikana na kuziba meno ya mashine. Kwa mashine, maji ni kosa. Siku hizi sote tunanyolewa bila maji! Nilipomwambia hivyo alicheka sana, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Kila zinapotangazwa nafasi za jeshi, vijana humjia kabla ya safari wakitaka kipara. Wanaondoa viduku vyao wenyewe, kwa hela yao, huku marafiki waliowasindikiza wakiwatania. Nilimuuliza kama inawasaidia. Akasema hapana. Waliorudi likizo wamemwambia kwamba kule walinyolewa tena, kipara juu ya kipara, hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kunyoa.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko sura yoyote ya kitabu niliyosoma muhula huu. Wale vijana wamegundua namna mpya ya kutia maji. Tendo lenyewe hawawezi kulizuia, basi wanachagua mkono: uwe wa mtu anayewajua, anayeuliza habari za mama, anayejua kovu la utotoni liko wapi kichwani. Na jeshi halikubali. Lengo lingekuwa kichwa kisicho na nywele, kichwa kilicholetwa tayari kingetosha. Kumbe kinachotakiwa ni kwamba mkono uwe wa jeshi.

Wapo watakaosema ni suala la usafi, la chawa. Ni sababu ya kweli, na ina historia ndefu katika majeshi, lakini tuipime. Ugonjwa mkubwa wa chawa ulioua askari wengi duniani ni tifasi. Charles Nicolle alionyesha mjini Tunis mwaka 1909 kwamba chawa ndiye anayeueneza. Nchi yetu inaujua: ulionekana katika gereza la Ngozi mwaka 1995, na kufikia 1997 ulikuwa umewapata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wamekusanywa katika kambi za waliokimbia makwao, huko milimani kwenye baridi. Lakini chawa wa tifasi haishi kichwani. Anaishi katika mishono ya nguo. Mtu aweza kuwa na kichwa kinachong'aa kama yai na bado akauleta ugonjwa ndani ya shati lake. Basi kipara kinaweza kupunguza chawa wa nywele, na hilo si dogo pale vijana wanapolala kitanda kwa kitanda, lakini hakiwezi kueleza kwa nini anayekuja bila nywele anyolewe upya.

Sanaa imelieleza vizuri kuliko kanuni. Filamu ya Stanley Kubrick, Full Metal Jacket, iliyotoka mwaka 1987, inaanza kwa kinyozi. Hakuna anayesema neno. Tunasikia wimbo wa kijana anayeaga kwenda Vietnam, na nyuso zinapita moja baada ya nyingine chini ya mashine. Nyuso tunazopewa kuzitazama ni za wanaonyolewa. Wanaonyoa ni mikono tu. Kubrick amefanya kwa picha kile ambacho methali yetu inakifanya kwa kauli ya kutendwa. Kisha kamera inashuka sakafuni, na pale zimelundikana nywele za kila rangi, huwezi kujua zipi ni za nani.

Mwenzangu wa semina angesema: ndiyo huo usawa. Tuendelee kutazama. Tendo linalofuata ni hotuba ya sajini Hartman katika kambi ya Parris Island, naye anatamka karibu hoja ileile ya darasa letu. Anasema kwake hakuna ubaguzi, kwa kuwa wote waliosimama mbele yake ni sawa katika kutokuwa na thamani. Halafu, pumzi hiyohiyo, anaanza kuwapa majina. Kijana mweusi aitwaye Brown anaambiwa tangu leo ni Snowball, yaani donge la theluji, na anaongezewa mzaha wa vyakula ambavyo watu weusi wa Marekani wametaniwa navyo miaka na miaka. Kijana mnene, Leonard Lawrence, anaitwa Pyle, na jina hilo linamfuata mpaka usiku anapomuua sajini na kujiua mwenyewe. Vichwa vilikuwa vimefanana kabisa. Jicho la anayevitazama halikunyolewa chochote.

Nina lawama moja kwa Kubrick. Amempa Hartman utamu mwingi wa maneno, na mtazamaji anaishia kumcheka yule anayetukanwa badala ya kumwogopa anayetukana. Niliitazama filamu hii na wenzangu, na sehemu walizozikariri zote zilikuwa za sajini. Hakuna aliyekariri ukimya wa mwanzo.

Hayo ya majina yananirudisha nyumbani, kwa sababu Rumonge tuna mahali pengine ambapo kunyoa na kutoa jina huenda pamoja. Waislamu wa kwetu, wale ambao babu zao wengine walivuka na kupanda na kushuka pwani hii kati ya Ujiji na Uzige, humfanyia mtoto akika siku ya saba. Mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, hupewa jina, mnyama huchinjwa, na kwa desturi uzito wa nywele zile hukadiriwa na kutolewa sadaka ya fedha ya uzito huo. Nilipolitaja hili kwa mwenzangu mwingine alinijibu kwa haraka kwamba mtoto wa siku saba naye hakuulizwa kama anataka. Ni kweli, na jibu lake lilinisaidia, maana linaonyesha kwamba tofauti haiko katika kuulizwa. Mtoto wa akika hana sauti kuliko hata kuruta. Lakini anayemnyoa anajulikana, yuko mbele ya mashahidi, na kesho atakutwa njiani na kuulizwa habari za mtoto. Jina analopewa ni la kubaki nalo. Na nywele zake zina uzito, kwa maana halisi kabisa ya neno hilo, wakati za kuruta zinafagiwa.

Sasa Burundi. Sitaki msomaji adhani namdharau yule mwenzetu. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko yalikoanzia mambo ya mwisho wa Aprili 1972, na wazee wetu bado wanaweza kukuonyesha viwanja ambavyo wenyewe walivuka ziwa au hawakuonekana tena. Hii ni nchi ambako watu walipimana kwa pua na kwa kimo, na ambako kwa miaka mingi askari akitokea barabarani watu walijiuliza kwanza ni wa upande gani. Mtoto wa mahali kama hapa akisema anatamani kuona mstari wa vijana ambao huwezi kuwatenganisha kwa kuwatazama, anatamani kitu kikubwa. Kama kipara kingeweza kukileta, mimi ningekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti.

Lakini waliokaa kuutafuta usawa huo hasa hawakuutafuta kichwani. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliandika hesabu: kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika jeshi. Katiba ya mwaka 2005 ikaichukua hesabu hiyo. Askari wa jeshi la zamani na wapiganaji waliotoka msituni wakawekwa katika jeshi moja, na nani apewe cheo gani likawa jambo la kujadiliwa na kuhesabiwa. Makuruta wa jeshi la zamani nao walinyolewa, miaka yote ile. Kunyolewa kwao hakukulizuia jeshi hilo kuwa la upande mmoja, na ndiyo maana Arusha ilihitaji namba.

Marekani nako, nje ya sinema, kanuni moja kwa wote imewahi kuonyesha ilikuwa na kichwa cha nani akilini. Mwaka 2014 jeshi la nchi kavu lilitoa kanuni za nywele zilizokataza rasta na aina kadhaa za kusuka na kusokota. Kwenye karatasi ziliwahusu askari wote wa kike. Wanajeshi wanawake weusi wakalalamika kwamba zimewaangukia wao, na katika mwaka huohuo sehemu ya makatazo ikalegezwa. Rasta zikaruhusiwa mwaka 2017. Hapo walipatikana watu waliokataa kutia maji wakauliza nani ameandika, na kanuni ikabadilika ndani ya jeshi lenye nidhamu kali. Kwa hiyo dai kwamba kuuliza kunavunja jeshi halina msingi.

Na kwa wanaosema kwamba bila kufananishwa vijana hawawezi kuwa kitu kimoja, uko mfano ulio karibu nasi kuliko Parris Island. Tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kwenye milima ya Bururi, mkoa ambao wakati huo ulikuwa mmoja na Rumonge. Wanafunzi waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa, na 40 wakauawa. Naandika sentensi hizi kwa uangalifu kwa sababu kuna familia ambazo si za kuwekwa katika mfano wa darasani. Ila anayetafuta ni nini kiliwafanya wale vijana kuwa kitu kimoja itambidi atazame walivyoishi, walivyokula na kulala na kuzungumza katika bweni moja. Hatakiona kwa kinyozi.

Limebaki neno moja la methali ambalo semina haikuligusa: "zako". Nomino yake haipo. Nywele hazikutajwa, ngeli tu ndiyo inayotuambia. Kilichobaki wazi katika sentensi ni umilikaji. Methali iliyomficha kinyozi imekataa kumficha mwenye nywele, na inaendelea kumwita wewe hata wembe ukiwa umefika kwa jirani yake. Kubrick alipoipeleka kamera sakafuni alitoa kinyume chake: nywele zipo, tena nyingi, lakini "zako" imepotea. Na nadhani wale vijana wa Rumonge, wanapolipa kunyolewa mara ya kwanza ili wakanyolewe mara ya pili, wanainunua "zako" kwa siku moja.

Semina ikirudiwa, nitaomba tuigeuze methali katika kauli ya kutenda, kila mmoja amtaje kinyozi wake kwa jina au kwa cheo, kisha tuone darasa litapiga makofi kwa yupi.