Usiku Wangu wa Kwanza Gibb's Farm

Jamani, Karatu kuna mahali! Nimelala Gibb's Farm usiku mmoja tu, na naandika kabla hata sijafunga begi, maana nikingoja mpaka nifike nyumbani Samunge nitakuwa nimepoa.

Tuliondoka alfajiri tukapita Sale na Engaresero, Ol Doinyo Lengai ikitusindikiza ubavuni, vumbi mpaka kwenye kope. Mto wa Mbu tukaikamata lami, tukapanda mlima. Ukiiacha barabara kuu ya Ngorongoro unapita mashamba ya Wairaqw, kisha ghafla hewa inabadilika: inanukia udongo uliotoka kumwagiliwa. Harufu hiyo naijua. Sisi Wasonjo, Batemi kwa jina letu wenyewe, tumekulia kwenye mifereji. Kwetu maji yana zamu na yana wazee wake.

Hili ni shamba la kahawa la tangu 1929, na wageni walianza kulala hapa 1972. Lakini historia mtaisoma siku nyingine. Bustani! Unatoka mlangoni na maua yamekufuata mpaka kizingitini, chozi wananing'inia wakifyonza, mbele kidogo mboga, kisha kahawa, na huko juu msitu wa Ngorongoro umesimama kama ukuta wa kijani. Huoni bustani inaishia wapi. Wajapani wana jina la ufundi huu, shakkei, yaani kuazima mandhari: kule Kyoto, katika hekalu la Entsuji, Mlima Hiei ulio mbali unaingizwa bustanini kwa macho tu. Hapa kilichoazimwa ni msitu mzima wenye tembo ndani yake, tembo wanaochimba mapango kwa pembe ili wale udongo wa chumvichumvi!

Na bustani hii inaliwa. Mchana nililetewa karoti nyembamba kama kidole, kikonyo cha kijani bado kichwani, tamu hadi nikaacha kuongea. Usiku baridi ya Karatu iligonga dirisha, moto ukawaka chumbani, nikalala nikisikia kuni zinapasuka. Asubuhi kahawa, iliyokaangwa hapahapa shambani. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikatoka nacho nje, ukungu ukijitoa taratibu kwenye miti.

Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani, zilikuja kwetu Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita. Tangu siku zile najua mtu aliyefika kwa safari ndefu anataka nini kwanza: kivuli, maji, na uso unaofurahi kumwona. Gibb's Farm wanajua hivyo. Nilipokewa na vumbi langu kama mtoto wa nyumba.

Bei ni ya dola na si ndogo, sifichi. Kama kulala ni kuzito, njoo ule chakula cha mchana, kisha tembea bustanini mpaka wakuage wao.

Asubuhi hiyo, kikombe kikiwa bado mkononi, nikamkuta mtunza bustani amechutama kwenye tuta la saladi. Alifukua kidogo kwa kidole, akatazama unyevu, akamimina maji shinani bila kulowesha jani hata moja. Mama yangu humimina hivyohivyo. Nimeweka kikombe chini, nimeomba ndoo, na gari la kurudi litanisubiri.